Kutulia Kumshinda Bedan

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kliniki tena. Presha mia sitini na nne. Nesi Kalunde amesema nipunguze mbio, niweke simu kando, nikae na nafsi yangu. Isiposhuka kufikia Jumapili, naanza tembe, za maisha. Nikatoka nikiwa na hofu kidogo. Mlangoni nani? Bedan, wa duka la nafaka mkabala na hardware yangu. Akasema yake imeshuka. Sikuwa nimemuuliza! Bedan huyu aliyepigana na mteja kwa sababu ya gorogoro moja ya maharagwe!

Jumanne, 10 Juni
Siri yake nimeipata. Kila asubuhi anachunga mbuzi na mzee Parsaoti, huko nyuma ya Isinya, simu ameiacha nyumbani. Waithera, mke wangu, anasema uso wa Bedan siku hizi unang'aa. Mafuta tu hayo! Nimekata shauri. Nitatulia kumliko, na nitatulia haraka.

Alhamisi, 12 Juni
Nilifika machungani alfajiri, kabla ya Bedan. Parsaoti akanisalimu, sopa, akasema mbuzi ndio huamua mwendo, sisi tunafuata. Nikaona wanachelewa. Nikawaswaga. Wakaingia shamba la vitunguu la wenyewe, wote! Parsaoti hakunikaripia. Alisema tu kwamba Bedan hajawahi kupoteza hata mmoja. Hapo ndipo nilipoumia.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeenda mpaka Kona Baridi, peke yangu, kuketi kimya na nafsi yangu. Nafsi yangu ikataka kujua Bedan anafanya nini. Nikapanda jiwe kutafuta network, nikampigia Waithera. Akasema Bedan amelala juu ya magunia dukani, anatabasamu usingizini. Usingizini! Nikarudi mbio.

Jumapili, 15 Juni
Mia sabini na moja. Nesi amepima mikono yote miwili. Tembe nimepewa. Waithera amelia jikoni akidhani simsikii, nami nimeogopa, nakiri. Jioni Bedan akaja kunijulia hali. Hakusema neno. Tuliketi tu barazani tukitazama kuku wa jirani. Moyo ukaanza kutulia, kweli kabisa. Nikachungulia saa: dakika arobaini amenyamaza! Akainuka, akaniaga, akaenda zake. Mimi nikakaza kimya mpaka ya arobaini na moja, kisha nikamwita Waithera kwa sauti aje aone nani ameshinda.