Bakteria Wetu Hawatapotea Tena Njia

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa makamu wenyeviti wote watatu, mabwana na mabibi wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, wasaidizi wa hao wasaidizi, wazee wetu mliokalia viti, na ninyi wananchi wapendwa mliokalia nyasi, itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi kutoka kwenye viti.)

Ndugu zangu, nilipokabidhiwa jukumu hili zito la kuratibu bakteria wa udongoni, nilimwita dada yetu wa maabara anieleze, naye akanieleza, tena kwa lugha nyepesi isiyolingana na cheo changu, kwamba mzizi wa mharage huvujisha utamu udongoni, na kwamba bakteria, asiye na jicho wala pua, huuonja utamu huo kwa ngozi yake, ukizidi anakaza mwendo, ukipungua anajipindua na kujaribu upande mwingine, mpaka anaufikia mzizi, anahamia humo na kuulisha mmea. Nikamuuliza: bila kibali? Akasema, bila kibali. Bila hata barua ya mwaliko? Bila barua. Huo, ndugu zangu, ni uholela! (Sauti kutoka nyasini: "Mbona wajumbe wako wamezifikia soda bila barua?" Kicheko.)

Huyo naye atulie. Wajumbe wako kwenye kapasiti bilding, yaani wanajengewa uwezo.

Ndipo nikabuni Programu Shirikishi ya Uelekezaji wa Bakteria, tukasimamisha mashambani mwenu vibao elfu mbili vyenye mishale, vyote vimeandikwa MZIZI HUKO, kazi aliyoifanya shemeji yangu kwa uzalendo mkubwa, na utafiti wetu, nilioufanya mwenyewe kupitia dirisha la gari, unathibitisha kwamba asilimia tisini na tisa nukta nne ya bakteria hawajalalamika. (Makofi.) Dada wa maabara alidai vibao havisaidii kitu, eti udongo wenu umechoka, bakteria wanaofaa wamebaki wachache, na dawa ni kuwaleta wapya kwenye pakiti, wapakwe kwenye mbegu kabla ya kupanda. Wazo zuri. Nililichukua likawa langu, na dada nikamhamishia stoo ya mafagio. Nikawaagiza msitie mbolea hata chembe, mpande tu, pakiti zitawafuata shambani.

(Mwanamke aliyebeba mfuko wa udongo anasimama.)

Naam, mama wa maharage. Kwa ufupi.

("Mheshimiwa, mimi nilikutii. Sikutia mbolea, nilipanda kavu kavu. Sasa shamba zima ni njano, na nina watoto wanne wanaolitegemea hilo hilo. Mvua imebakiza muda mdogo. Nikipanda upya wiki hii, nitavuna. Nipe pakiti leo.")

Swali zuri sana, mama, na ndiyo maana sitalijibu kwa pupa. Pakiti zinatengenezwa usiku na mchana katika maabara hii ya kisasa mnayoiona nyuma yangu, yenye milango minne na madirisha ishirini, ya kwanza ya aina yake katika... Mama, unakwenda wapi? Mama, kuna utaratibu! (Mama anapita kando ya meza kuu, anauelekea mlango wa maabara.)

Basi tumalizie kwa kaulimbiu. Nikisema "Bakteria", semeni "Mbele kwa mbele!" Bakteria! (Viti: "Mbele kwa mbele!" Nyasi: macho yote kwa mama.) Nikisema "Mzizi", semeni "Huko!" Mzizi! (Viti: "Huko!")

Na kwa namna ya pekee namshukuru tena shemeji yangu, ambaye rangi ya vibao ilipombakia hakuitupa, bali alikesha akiuchora ukuta huu kwa ustadi kiasi kwamba hata mimi niliyemtuma, leo asubuhi nimejigonga paji la uso nikitaka kuingia. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mama anapapasa kitasa. Kiganja chake kinarudi na rangi ya buluu, bado mbichi. Anakigeuza kuelekea nyasini ili wote wakione. Watu wa nyasini wanainuka, wanajikung'uta na kuondoka pamoja naye. Viti vinaendelea kupiga makofi.)