Gari Lililovaa Sketi

Jumatatu, 4 Novemba

Limefika! Jeusi, refu, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Silinda nane! Muuzaji kasema lilikuwa la balozi. Balozi gani, hakumbuki. Kasema pia halina makuu wala halijazoea mbio, nikamwamini, maana lililetwa limebebwa juu ya lori.

Jumamosi mwanangu anahitimu uhasibu. Kitinda mimba wangu! Kawashinda wote, ndiye atakayesoma hotuba kwa niaba ya wenzake, saa nne kamili. Atashuka kwenye gari hili mbele ya umati, na mimi mama yake nyuma yake. Hela ilikuwa ya kuezeka paa upya. Paa nani ataliona?

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hapo nyumba ya pili, alikuja kukagua. Yeye ana kigari cheupe kama kisanduku cha sabuni. Miaka nenda miaka rudi hakijalala gereji. Akalizunguka langu, akauliza, wifi, hili linakunywa nini? Nikamwambia petroli, kama mengine. Akasema aa, kwa jinsi ulivyokonda nilidhani linakunywa damu. Wivu huo!

Jioni iliwaka taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi. Sauti nzito ya mwanamume ikasema kitu kwa lugha nisiyoijua. Moyo paa! Nimezima. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 5 Novemba

Limekaa chini! Nimetoka na fagio asubuhi nikalikuta tumbo limegusa ardhi, kama ngamia aliyesusa safari. Nikawasha huku nimefumba macho. Likanguruma, likapumua fyuuu, likanyanyuka upande mmoja, kisha upande wa pili. Nikakimbilia jikoni.

Wifi aliona yote dirishani kwake. Akataka kujua mbona gari linapiga magoti, linatubu nini? Nikamjibu palepale kwamba magari ya wakubwa ndivyo yalivyo, yanainama ili mwenyewe apande bila kunyanyua gauni. Akafunga dirisha! Nikajipongeza kwa kikombe cha chai. Nusu nilimwaga, jicho liko kwa gari.

Alhamisi, 7 Novemba

Fundi wa gereji kaja. Ana kipara na kicheko kibaya. Alipata tabu kuingia chini, nikamkumbusha mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema mama, kuinama nimeinama, ila gari lako halina mvungu. Akacheka peke yake.

Anasema halina springi. Limekalia mifuko ya upepo, na mifuko imechoka, inavuja. Alipotaja bei ya mmoja tu, nilikaa kwenye ndoo. Ilikuwa na maji. Nikamuuliza kwa nini tusiishone? Mimi ni fundi cherehani, hakuna mfuko ulionishinda. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Akanionya tusiende nalo mbali, likikaa chini njiani ndiyo basi.

Na yule mwanamume anayesema humo ndani? Fundi kasema lugha haijui, ila kwa sauti ile, si salamu.

Mwanangu kapiga simu. Amepiga hesabu, tairi moja la hili ni bei ya yote manne ya shangazi yake. Akaomba kwa upole twende na kigari cha shangazi. Nikamwambia heri nitambae.

Kila mlango ukigonga nastuka. Nadhani ni gari linaanguka.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimepata akili! Kinachoniumbua si ugonjwa, ni kule kuonekana limekaa chini. Basi lisionekane. Nimelishonea sketi! Kitambaa cha pazia, zambarau, marinda pande zote, kiunoni lastiki. Likisimama, inaning'inia kwa adabu. Likikaa, inatanda kama gauni la malkia. Nitaivua tukiondoka, nitalivalisha tena tukifika chuoni.

Mume wangu ni seremala, hasifu kitu ovyo. Aliinua pindo la sketi, akasema sasa kilichobaki ni kulitafutia mchumba.

Wifi akasema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Halafu, kwa sauti ya asali, kwamba kesho atatufuata nyuma, huwezi kujua. Nikamwambia afuate kwa mbali, tusimtimulie vumbi.

Nimelichungulia dirishani mara tano. Ni furaha, bila shaka.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika kabla sijavua viatu.

Tulitoka mapema. Mume wangu kwenye usukani, mwanangu mbele na joho lake, mimi nyuma na kofia mpya. Watu wote wanatazama! Nikawapungia mkono. Baadaye ndipo nilipoelewa walichokuwa wanatazama.

Ikaja harufu ya kuungua. Nikajiambia labda ndivyo magari ya balozi yanavyonukia. Yule mwanamume akaanza kusema, safari hii bila kupumzika, anapaza sauti. Mume wangu akaniuliza taratibu kama ile sketi nilivua.

Mungu wangu! Sketi!

Ilikuwa imejisokota gurudumuni ikang'oa mpira unaopeleka upepo kwenye mifuko. Fyuuu! Puu! Tumekaa chini, katikati ya makutano ya barabara. Honi mbele, honi nyuma. Taa zote za dashibodi zimewaka kama sherehe. Mlango wangu ukagoma kufunguka.

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anatazama saa huku midomo inacheza, anajisomea hotuba. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Si gari, si watu. Mtoto huyu alisoma kwa taa ya cherehani yangu tangu yuko darasa la kwanza, mimi nashona, yeye anajumlisha. Leo wataita jina lake na hatakuwepo, kwa sababu ya marinda yangu! Nikamwomba Mungu kwa sauti. Nikaahidi kuliuza gari. Nikaahidi paa. Nikaahidi hata kumpenda wifi.

Nikageuka. Kisanduku cha sabuni hicho!

Wifi hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, ingieni, mtoto asichelewe. Mimi nilitolewa dirishani, mume wangu anavuta, wifi anaelekeza, pitisha kichwa kwanza, kofia itajijua. Gari tukamwachia askari wa barabarani, ambaye hakuliomba.

Tulifika anaitwa! Akapanda jukwaani anahema. Akasoma bila kukosea. Mwishoni akamshukuru mama yake, aliyemfundisha kuliko mwalimu yeyote kwamba gharama ya kitu haiishii siku ya kukinunua. Ukumbi mzima ukapiga makofi! Wifi alikuwa anajifuta machozi, sijui ya nini. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kanitaja mimi!

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Ndoo sebuleni zinalia to, to, to.

Gari limerudi juu ya lori, kama lilivyokuja. Fundi kasema spea za gari hili ni adimu kama meno ya kuku. Dawa ni kununua jingine la aina hiyohiyo lililokufa, tuling'oe tunachotaka. Analijua moja. Halina injini, ila mifuko yake ya upepo mizima kabisa. Mwanangu akachukua kalamu kupiga hesabu. Katikati akaiweka chini, akatoka nje kusimama mvuani.

Nimeuza cherehani yangu ya akiba. Na zile ahadi? Mungu ni mwelewa, anajua ahadi ya mtu aliyekwama dirishani haihesabiki.

Jambo moja tu linanitisha. Asubuhi nimepita uani, yule mwanamume kasema tena. Na fundi alishang'oa betri. Nimepita haraka.

Lakini kesho magari mawili uani! Wifi ana moja tu. Nimeshakata kitambaa cha sketi ya pili. Hii nitaishona fupi.