Uso wa Papa Léopold

Jumatatu, 4 Machi
Kazi imepatikana! Mama Kaswera, muuza maharage kwa jumla, anataka sura ya marehemu mumewe, Papa Léopold, ichorwe kwa rangi. Itafunuliwa Jumamosi, siku ya kumaliza matanga. Tatizo moja: picha zote zilikuwa kwenye simu ya marehemu, na simu ilizama mtoni. Imebaki kadi ya uchaguzi tu, ambayo jasho la mfukoni limekula uso wote. Mabega yanaonekana vizuri. Mama alinishika mkono akasema kila asubuhi akiamka, uso wa mumewe umepungua kidogo kichwani mwake. Anaogopa kuusahau. Nilimwambia asihofu. Mimi Wenceslas nina turubai sita zenye suti na tai tayari. Zimekosa vichwa tu.

Jumanne, 5 Machi
Mtoto wa nyoka ni nyoka! Nimemchora Liévin, mwana wa kwanza, nikamtia mvi. Saa mbili, kwisha. Mama akaangalia, akasema, "Huyu iko Liévin na bunga ku kichwa." Unga, eti! Liévin alicheka hadi akakaa chini. Hana adabu kijana yule.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimeuliza familia nzima. Binti yake, Annette: papa alikuwa mcheshi. Liévin: alikuwa mkali. Shemeji: alifuga masharubu. Jirani: hata siku moja! Nimetia yote. Nusu ya uso inacheka, nusu imenuna, na masharubu upande mmoja, kwa ajili ya amani. Mama aliifunika picha kwa kitenge, akalia. Nilitoka mbio nikasahau kofia. Na sasa, aibu gani hii, amemwita Alfani. Alfani! Mchora mabango ya saluni!

Alhamisi, 7 Machi
Nilikwenda kuchungulia, eti nimefuata kofia. Alfani hajagusa hata brashi! Ameketi na Mama wakichambua maharage. Anauliza papa aliingiaje nyumbani, alivua kiatu gani kwanza. Mama akaeleza kwamba miaka ishirini papa alisafiri kwa mashua hadi Isangi, akikaa kando ya mashine, mpaka sikio la kushoto likafa. Ukimsemesha, aligeuza kichwa akakupa la kulia. Mama akainuka akaonyesha. Alfani akamwomba arudie. Mara saba! Mvivu mkubwa. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Jumamosi, 9 Machi
Nilikwenda kucheka.
Kitambaa kikaondolewa. Pua, sijui. Mdomo ameuacha kivulini. Lakini kile kichwa! Kimegeuka kidogo tu, sikio la kulia mbele, macho yanangoja neno. Watu uani wenye sahani za pondu, majani ya muhogo, mkononi wakasahau kula. Mama Kaswera akainuka, akazunguka hadi upande wa sikio zima, akainama, akasema polepole, "Papa Léopold, batoto iko bazima. Banakula muzuri." Kisha akangoja, kama mke anayengoja jibu.
Mungu wangu. Mimi sikuwahi kumwona marehemu, na bado nilimtambua. Rangi na kitambaa tu, na mtu amerudi kumsikiliza mkewe! Nililia mbele ya Alfani. Nilimshika mkono.

Jumatatu, 18 Machi
Siri nimeishika: sikio la kulia!
Nimewachora Lambert na Odile, wanaofunga ndoa wiki hii. Sikuwauliza kitu, ya nini kupoteza muda? Bibi harusi nimemsimamisha kushoto kwa Lambert, na Lambert nimemgeuza kichwa, sikio la kulia mbele, safi. Leo wamekuja kuichukua. Odile aliitazama muda mrefu bila kupumua. Nikajua: ni mshangao ule ule wa Mama Kaswera! Kisha akamuuliza Lambert ni mwanamke gani huyo anayemsikiliza upande wa pili. Lambert akaapa hakuna. Odile akasema basi mbona anamsikiliza vizuri hivyo.
Harusi imeahirishwa.
Watu wa mji huu hawajui sanaa. Sikio lenyewe halina kasoro. Kesho namchora askari mmoja wa kambi ya Kapalata, na huyo nitampa masikio yote mawili mbele.