Jina Langu Ubavuni mwa Mwewe

Jumatatu, 3 Machi

Boti ya tano imetoka bandani leo. Nimelia. Nimewaambia ni vumbi la msasa.

Hata mtu asiyejua chombo angesimama akaitazama. Mita thelathini na nane! Injini tatu! Maili arobaini za bahari kwa saa, na zaidi kidogo nahodha akiwa na hasira. Ni ya mwisho katika boti za doria za aina ya Kipanga, ambazo jeshi letu la majini limezijenga hapa hapa, kwa mikono yetu, katika karakana inayovuja paa. Kipanga, Kozi, Tai, Kipungu. Majina yote manne nimeyaandika mimi. Miaka ishirini na miwili nachora maandishi. Wananiita Brashi. Hata kadi yangu ya getini imeandikwa Brashi.

Ya tano haina jina bado. Kamanda wa karakana, mwanamke asiyerudia neno, ametangaza kwamba safari hii wafanyakazi ndio watachagua. Kila mtu aandike jina la ndege kwenye karatasi, atumbukize sandukuni. Litakaloandikwa na wengi ndilo.

Nimepata wazo. Marehemu babu yangu alikuwa na miguu mirefu, wakimwita Korongo. Korongo ni ndege! Boti ya vita yenye jina la ukoo wetu! Shemeji atanyamaza mpaka astaafu.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Mchomeaji vyuma, wanamwita Cheche. Siku sita tuko naye karakana moja, ya saba meza moja, kwa mama mkwe. Kila Jumapili anatangaza kwamba boti anajenga yeye, mimi naandika tu. "Bila mimi, shemeji, ungekuwa unaandika juu ya maji." Mama mkwe hucheka mpaka anashika mbavu.

Nimeandika karatasi arobaini. Miandiko arobaini tofauti. Mingine imelala, mingine imesimama, mmoja wa mtu anayetetemeka mkono. Kazi safi kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Kamanda ameniita. Karatasi zangu zote arobaini zimepangwa mezani kama vigae.

Amesema karakana ina watu sitini na wanne na miandiko yao anaijua, nusu yake haisomeki. Hakuna hata mmoja anayeandika vizuri namna hii, sembuse arobaini. Akainua ile ya mkono unaotetemeka. Akasema hii ndiyo nzuri kuliko zote. Nikamshukuru kabla sijajizuia.

Zimechanwa. Lililoshinda ni Mwewe, kura kumi na moja. Aliyeanzisha jina hilo? Cheche!

Mwewe! Mwizi wa vifaranga! Wanawake humfukuza kwa kupiga makopo! Hili ndilo jina la kutisha maadui? Na wa kuliandika ni mimi, kwa mkono wangu, herufi zinazonifika kifuani.

Shemeji amepita akanipigia saluti. Amenikumbusha kwamba jina lina W mbili, nisije nikala moja.

Sikula chakula cha mchana. Nilikula cha jioni mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo jipya. Linalishinda lile la kwanza kwa mbali.

Chini ya herufi M, upande wa kushoto wa boti, nitaandika jina langu. Halafu M itakaa juu yake. Hakuna atakayeliona. Tutajua wawili tu, mimi na chuma. Boti itakwenda baharini miaka mingi, na jina langu litakuwa linakwenda nayo, limetulia chini ya rangi kama mtu aliyejifunika shuka.

Nilipanga herufi ndogo, za urefu wa kidole. Nikaona ni kujidharau. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Mwishowe BRASHI ikajaa nafasi yote ya M. Nyeusi tii. Nzuri ajabu. Nimerudi nyuma hatua kumi, nikavua kofia.

Ili lisiharibike, nimelipaka vanishi. Na ili kingo za vanishi zisionekane, nimepaka nafasi nzima ya M. Mtunza stoo aliuliza vanishi ya nini kwenye ubavu wa boti. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema rangi haishiki juu ya vanishi mpaka ikwaruzwe kwa msasa kwanza. Nikamwambia yeye atunze stoo.

Mchana nimelifunika kwa kijivu cha boti, kisha nimeandika MWEWE juu. Nyeupe. Mistari imenyooka kama imepigwa na fundi wa mbinguni. Kamanda alipita, akasimama, akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwa Kamanda, huko ni kupiga vigelegele.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho ni maonyesho. Mkuu wa Jeshi la Majini anakuja mwenyewe. Wafanyakazi na jamaa zao watakaa jukwaani na kuitazama Mwewe ikipita kwa kasi yake yote.

Mimi jukwaani? Kama abiria anayesubiri? Hapana. Nimemwendea nahodha, nikamweleza kwa uso wa kazi kwamba rangi mpya lazima ikaguliwe chombo kikiwa kwenye kasi, na mkaguzi lazima awe ndani. Amenitazama sana. Amesema sawa, mradi nisiguse kitu.

Cheche atakaa jukwaani! Na mama mkwe! Watanitazama mimi!

Mke wangu amenipigia pasi shati jeupe. Alinirekebisha kola, akasema atavaa kitambaa cha njano kichwani, ili nikipita nimwone. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na bado ananifanya nimeze mate.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kwa utulivu.

Tuliondoka saa nne asubuhi. Nilisimama nyuma, karibu na bendera, nimeshika chuma kwa mikono miwili. Nahodha akasukuma mikono ya injini mbele. Boti ikainua kifua. Sijui niseme nini. Maji yalitoka pande zote kama mabawa. Niliweka kiganja kwenye mshono aliouchomea shemeji, nikategemea kuusikia ukitetemeka. Ulikuwa umetulia kama ngozi. Nilijisikia kama nchi nzima inanisukuma mgongoni. Haya ndiyo tuliyoyafanya, sisi wenye viatu vya rangi! Nililia tena, na msasa haukuwepo.

Tukapita mbele ya jukwaa. Watu wote wakasimama. Walikuwa wakipiga kelele, wakinyoosha vidole. Nikakiona kitambaa cha njano. Nikapunga mkono. Kelele zikazidi. Nikasikia wazi, "Brashi! Brashi!" Mimi! Nikamkimbilia nahodha, nikamwambia watu wanataka tena. Akazungusha boti mduara mzima, tukapita mara ya pili, karibu zaidi. Mkuu wa Jeshi la Majini alikuwa na darubini machoni. Nikampigia saluti.

Tulipofunga kamba gatini hakuna aliyepiga makofi. Kamanda alikuwa amesimama ukingoni. Hakunitazama mimi. Alitazama ubavu wa kushoto. Nami nikashuka, nikatazama.

M haikuwepo. Ilibanduka yote, pamoja na kijivu chake, kwa mkupuo mmoja, huko baharini, kwa maili arobaini. Vanishi iling'aa. Na ubavuni mwa boti ya vita ya taifa, kwa herufi za kifuani, palisomeka:

BRASHI WEWE

Kamanda akanigeukia.

"Brashi," alisema. Kisha, yeye asiyerudia neno: "Brashi, wewe!"

Nimeambiwa kwamba kule jukwaani mama mkwe aliuliza kwa sauti, hadi Mkuu akageuka, ni nani anayemgombeza mkwe wake kwa boti kubwa namna ile.

Nyumbani, wakati wa kuondoa vyombo, mke wangu akasema, bila kunitazama, kwamba herufi zangu zilisomeka vizuri sana kutoka mbali. Nimeiweka sentensi hiyo moyoni.

Jumatatu, 10 Machi

Amri: nikwarue, nipake upya, leo. Baada ya hapo, miezi mitatu ya kupaka rangi maboya bandarini. Nilikuwa na la kusema, Kamanda akainua kidole.

Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua kopo, king'ora kikalia. Meli ya uvuvi ya wageni inakomba samaki katika maji yetu yaliyokatazwa. Kipanga na Tai ziko mbali, Kozi iko matengenezoni, Kipungu haina mafuta. Imebaki Mwewe. Nikapiga kelele kwamba jina bado! Nahodha akapiga kelele kwamba wezi hawasubiri rangi ikauke.

Ikatoka vilevile. Nimebaki gatini na kopo mkononi. Nimeogopa kweli. Vijana kumi na wanane ndani yake, na mzaha wa ubavuni ni wangu.

Jumanne, 11 Machi

Wamerudi! Wote! Na meli ya wezi inafuata nyuma, imejikunyata kama mbwa aliyeiba nyama.

Nahodha wa wezi ameandikisha maelezo. Anajua lugha yetu, amevua pwani zetu miaka mingi. Alikusudia kukata nyavu na kukimbia, kama alivyokimbia mara tatu zamani. Akageuza kichwa, akaona boti ya kijivu inamjia ubavuni kama kichaa, na neno moja jeupe linamtazama usoni: WEWE. Amesema alisikia kama marehemu baba yake amemwita kutoka dirishani. Mikono ikaachia usukani yenyewe.

Mabaharia wamenibeba juu. Nahodha amenishika mkono. Nikaenda kwa Kamanda kumwuliza, kwa unyenyekevu, kama bado anaona haja ya M. Amesema ipakwe kabla ya saa kumi, na maboya yako palepale. Lakini alisema akitazama dirishani, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Nikiwa kwenye ngazi, ngazi ikaacha kuyumba. Nikatazama chini. Ni shemeji ameishika. Sikuweza kujizuia, nikamweleza habari ya ule mshono wake, jinsi ulivyotulia kwenye kasi. Akasema kwamba W zangu pia zilibaki, zote mbili. Tukamaliza M pamoja, mimi juu, yeye chini. Nilikwaruza kwa msasa kwanza. Alinisimamia.

Ijumaa, 14 Machi

Boya la kumi na saba. Ndege wananinyea kofia. Sijali. Meli zote zinazoingia zinaongozwa na rangi yangu.

Leo Kamanda kaniita tena. Nilikwenda nimevua kofia tayari. Kumbe kuna heshima! Mkuu ameagiza ubao mkubwa uwekwe getini, wenye majina ya wote sitini na wanne waliojenga boti za aina ya Kipanga, kila mtu kwa jina analojulikana nalo. Mwandishi wa ubao ni mimi, kwa sababu hakuna mwingine. Jina langu litasomwa na kila anayeingia, halali, mchana kweupe, bila kujificha chini ya kitu. Kamanda amesema ananiamini. Ananiamini! Nimetoka mle ofisini nimekua sentimita tatu.

Majina yapangwe kwa alfabeti, amesisitiza. Nimekwisha kuyapanga. Cheche ni wa tatu. Mimi wa pili. Wa kwanza ni Adabu, mwendesha winchi, mtu mwema, hajawahi kugombana na mtu, wala sidhani kama anajali kuwa wa kwanza.

Nimeutazama ubao mchana kutwa. Kule juu kabisa pamebaki nafasi nzuri.

Nimeanza kuandika. ABRASHI. A moja tu, nyembamba. Nani atagundua?