Pedali ya Kushoto

Jumapili, 3 Septemba

Siku ya Akina Baba. Soksi tena. Jozi tatu, zenye picha za koala. Binti yangu Tegan ana miaka thelathini na moja na bado anadhani napenda koala. Nilizivaa hapo hapo.

Lakini alikuja na habari pia. Amepata kazi ya uuguzi Darwin. Anaondoka Jumanne ya wiki ijayo. Darwin! Kutoka hapa Adelaide ni kuikata nchi nzima, kusini hadi kaskazini. Nikasema hongera. Nikaenda jikoni kufungua na kufunga friji mara mbili tatu.

Akanifuata, akaniomba kitu kimoja. Jumapili ijayo tuendeshe baiskeli, mimi na yeye tu, njia ya ufukweni kutoka Semaphore mpaka Glenelg, kama alipokuwa na miaka kumi na moja. Polepole, alisema. Mwishoni tule samaki na chipsi. Ana jambo anataka kuniuliza, na hataki kuniuliza mezani. Nilikubali kabla hajamaliza. Ni miaka mingi hakuna mtu aliyeniomba kitu kizuri hivyo.

Tulipotoka nje, kichwa cha Elio kikatokea juu ya ua. Elio Fantin, jirani yetu, miaka sitini na sita, fundi plasta mstaafu, amebeba malimau ya kutugawia. Akazunguka langoni kutuletea: suruali ya kubana ya baiskeli. Tegan akamtania: "Mzee Elio, hiyo miguu umeazima kwa nani?" Wakacheka. Tegan alipomtajia safari yetu, Elio akasema naye Jumapili huendesha baiskeli njia hiyo hiyo, huenda tukaonana.

Huenda tukaonana! Mimi nina miaka hamsini na tisa. Nina siku saba.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimeitoa baiskeli bandani. Baiskeli ya milimani, nyekundu, haijaona mlima tangu niinunue. Buibui wawili wakubwa. Tulikubaliana watoke wao.

Mazoezi ya kwanza: mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Matairi ya vinundu yananguruma kwenye lami, springi za mbele zinabonyea kila nikikanyaga, nguvu zangu zote zinaishia huko. Kosa ni la baiskeli, hilo liko wazi. Nilipumzika kwenye duka la mikate. Pai moja ya nyama. Mwili unaojengwa lazima ule.

Coral, mke wangu, alinikuta nimeshika kiuno karibu na sanduku la barua. Akauliza kama nilisikia neno polepole, au masikio nayo yako mazoezini. Nikamweleza kwamba polepole ni lugha ya adabu. Mtoto hawezi kumwambia babake waziwazi kwamba anataka kumwona ana nguvu. Coral akasema, "Haya, Baba Tegan," kwa ile sauti yake, akaingia ndani.

Jumatano, 6 Septemba

Dukani kwa Nerida. Anauza na kutengeneza baiskeli, grisi mpaka viwikoni, hana haraka na mtu. Ushauri wake: matairi laini ya barabarani, yajazwe upepo mpaka yawe magumu, springi zifungwe kwa kile kitufe chake, kiti kipandishwe. Basi. Baiskeli itakuwa nyingine, alisema, na miguu itaifuata taratibu.

Angenyamaza hapo ningekuwa salama. Na kweli yeye aliishia hapo. Lakini ukutani nyuma yake kulikuwa na pedali za kunasa. Zinashika kiatu maalumu, tak, mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Elio anazo. Nerida akasema kwa matembezi na binti sizihitaji. Nikasema nazihitaji. Akasema basi anifungie yeye, dakika tano tu. Nikamwambia nimetengeneza mashine za kufulia miaka thelathini, nati hainisumbui.

Matairi mapya ni vipara kabisa. Kwa macho ni kama nimenunua yaliyokwisha. Lakini yanavyokwenda! Kimya! Nilizunguka mtaa bila kelele, nikajisikia mtu mwingine kwa dakika kama nne. Ningeishia hapo. Naandika haya ili nikumbuke kwamba kulikuwa na mahali pa kuishia.

Pedali ya kulia iliingia vizuri. Ya kushoto ilikataa. Nikaleta spana ndefu. Nikachomeka bomba kwenye spana. Kitu kikalia kama mfupa unaovunjika. Elio, juu ya ua: "Jirani, ya kushoto inazunguka kinyume. Zote ziko hivyo." Nikamjibu najua, nafanya makusudi. Sikujua. Meno ya skurubu yamelika. Nimepaka gundi ya chuma, nikapangusa vizuri. Haionekani.

Alhamisi, 7 Septemba

Mpango mzuri kuliko yote! Kwenye mkaratusi wa kona yetu kuna magpai dume, yule ndege mweusi na mweupe, ana kiota. Ni majira yao. Kila anayepita na baiskeli humshukia kutoka nyuma na kumdonoa masikio. Lakini ndege hawa wanakumbuka sura za watu, mtaa mzima unajua. Ukimlisha, wewe ni rafiki. Usipomlisha, Mungu akusaidie. Basi nitamlisha nyama ya kusaga mpaka Jumamosi. Mimi nitapita kama mwenye mti. Elio atajijua.

Tegan alipiga simu nikiwa chini ya mti. Akasema labda tuongee kidogo kabla ya Jumapili, usingizi haumjii vizuri. Nikamwambia siwezi sasa, nimeshika nyama. Akasema sawa, Baba, Jumapili basi.

Ndege alikula yote.

Jumamosi, 9 Septemba

Jaribio kamili. Helmeti, miwani myeusi, viatu vya kunasa. Sikufikiria kwamba siku zote nilimlisha nikiwa na kofia yangu ya kitambaa na uso mtupu. Chini ya helmeti na miwani sikuwa rafiki wa mtu. Alinishukia mara nne. Sikio lina plasta. Nilipotaka kushuka nikakumbuka miguu imenaswa, nikaanguka ubavu, taratibu, kama kabati. Mbele ya kituo cha basi. Watu watano.

Elio akapita. Helmeti yake ameichomeka vile vishikizo vya plastiki vya kufungia nyaya, vimesimama kama miiba ya nungunungu. Mwaka jana nilimcheka kwa ajili hiyo. Ndege alimtazama tu. Elio alisimama, akaninyanyua, akanipa vishikizo sita kutoka mfukoni. Nilivitupa. Nina heshima yangu.

Jumapili, 10 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Semaphore, saa tatu asubuhi, bahari imetulia. Tegan kwenye baiskeli ya kuazima yenye kikapu mbele, ya rafiki yake wa Glenelg. Tuliendesha sambamba. Akasema baiskeli yangu imependeza. Akasema nami nimependeza. Furaha ilinijaa mpaka nikasahau kuvuta tumbo ndani.

Tulipopita gati la Grange akapunguza mwendo. "Baba, lile jambo langu. Usicheke, eh? Nataka uniambie ukweli..."

Kengele nyuma yetu. Elio. Habari za asubuhi, habari za asubuhi, na huyo ametupita.

Sina la kujitetea. Nilimwambia Tegan nakuja sasa hivi. Nikakanyaga.

Nilimfikia karibu na Henley. Nilimpita! Sekunde tatu, labda nne, niliuona uso wake, na alikuwa anatabasamu, mjinga yule, amefurahi kwa ajili yangu. Kisha pedali ya kushoto ikang'oka. Iling'oka ikiwa bado imeng'ang'ania kiatu. Nikaacha njia nikaingia kwenye vichaka vya mchangani, bega la kulia limetangulia.

Tegan alifika baadaye. Aliendesha peke yake kipande chote hicho. Hakunifokea. Alinifunga bega kwa skafu yake, kwa mikono ya kazini, kama ambavyo angemfunga mgonjwa yeyote. Nikamwambia sasa uliza, nakusikiliza. Akasema, "Tuliza bega kwanza, Baba."

Coral akaja na gari. Baiskeli ilipaswa kurudishwa Glenelg, kwa hiyo Elio akamsindikiza. Polepole. Niliwaona kwenye kioo cha gari, sambamba, Tegan anaongea, Elio ameinamisha kichwa anasikiliza. Walikula samaki na chipsi.

Jumanne, 12 Septemba

Uwanja wa ndege. Tegan alinikumbatia upande mmoja, kwa sababu ya bega. Nikamwuliza tena lile jambo. Akasema limeshapita, nisiwe na wasiwasi, mzee Elio alimsaidia.

Kwenye maegesho Coral akaniambia alichoelezwa na Tegan. Tegan alikuwa anaogopa kwenda. Alitaka kuniuliza kama akiondoka, mimi na mama yake tutakuwa sawa. Na kama akishindwa huko, anaweza kurudi kwenye chumba chake cha zamani kwetu bila mtu kumcheka? Basi. Hilo tu. Elio alimwambia aende, na kwamba babake angemfungulia mlango saa yoyote.

Ningesema hivyo hivyo. Neno kwa neno. Nililia kwenye maegesho, na kwa mkono mmoja huwezi hata kufuta uso vizuri. NAJUTA. Naliandika kwa herufi kubwa. Kuanzia leo mtu akiongea, mimi nasikiliza.

Jumamosi, 16 Septemba

Tegan alipiga simu asubuhi. Darwin kuna joto, wenzake wodini ni watu wazuri, amepata chumba. Anasema kuna njia tambarare kando ya bahari. Niende mwezi Juni, tuendeshe mimi na yeye, safari hii tuongee kweli. Machozi yakanitoka. Nikasema ndiyo, mwanangu, ndiyo. Nikamwuliza watu wa huko wanaendesha baiskeli za namna gani. Akasema kuna daktari mmoja wa miaka sabini, huja kazini kwa baiskeli kila siku, mcheshi sana.

Miaka sabini.

Nikauliza baiskeli ya huyo daktari ina uzito gani. Hakujua. Akasema, "Baba, kuna kitu kingine, hizi siku za kwanza nimekuwa..." Nikamwambia aishie hapo hapo, nitampigia jioni, duka la Nerida Jumamosi linafungwa saa sita.