Mhalifu wa Kitabu Kile Ahamishiwe Kijiji Kingine

Liskova, mdomoni mwa mto Danubi
Septemba

Kwako Ndugu Mhariri wa ukurasa wa vitabu, nikiomba macho yako yawe na nguvu ya kusoma mwandiko wa mtu aliyeshika makasia muda mrefu kuliko kalamu,

Mimi ni mtu mwenye bahati. Naanza na hilo ili usije ukadhani anayekuandikia ni mnyonge mwenye kinyongo. Nimezunguka bahari nyingi nikiwa jikoni kwenye meli za mizigo. Nimekunywa maji ya Marseili, ya Aleksandria na ya Odesa, na kote huko tumbo lilinitia aibu. Lakini hapa nyumbani nainama tu ukingoni mwa mashua yangu, nachota maji ya mfereji kwa kiganja, nakunywa, najifuta ndevu, basi. Tangu nizaliwe hadi asubuhi ya leo maji hayo hayajaniuma. Niambie wewe uliyeko mjini, nani mwenzangu.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Mwezi uliopita gazeti lako lilichapisha maoni ya wasomaji kuhusu kile kitabu kiitwacho *Nani Alimlewesha Kambare*. Mwandishi wake namfahamu. Ni bwana mwembamba wa Bukareshti, mpole, alikuja kukaa kwenye nyumba yangu ya wageni, akala supu ya samaki ya mke wangu Evdokia sahani juu ya sahani huku pilipili ikimtoa machozi. Nilimtembeza kila mfereji. Kumbe mwenzangu alikuwa anakusanya habari za kitabu.

Kwa ambaye hajakisoma: kambare mrefu kama mashua anakutwa anaelea tumbo juu, povu la sabuni likimtoka mdomoni. Anakuja inspekta mnene anayeogopa vyura. Anamshuku waziri, anamshuku padri, anaanguka majini karibu kila sura. Mwishoni anagundua kwamba muuaji ni mwenye nyumba ya wageni, mtu wa majigambo, ambaye bomba la choo cha wageni wake linaishia mferejini. Na kitabu chenyewe sina ugomvi nacho. Nilicheka hadi Evdokia akanipiga mgongoni nirudishe pumzi. Ugomvi wangu ni na wasomaji, nao nimeupanga hapa chini kwa namba ili usipotee.

1. Wasomaji wa mjini. Bibi mmoja wa Kluji ameandika: "Nimecheka sana, na sitaionja tena supu ya samaki ya huko." Bibi huyo acheke, kicheko hakina kodi. Lakini supu imemkosea nini? Supu yetu tangu babu zetu hupikwa kwa maji ya mto, yaliyochotwa mtoni na mvuvi mwenyewe. Mtu akiipika kwa maji mengine, tunamtazama kama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha marehemu. Sasa wageni wakifika, hata kofia hawajavua, wanauliza, "Maji ya supu mnatoa wapi?" Mmoja kutoka Brashovi alikuja na madumu ya maji ya kwao, akamwomba Evdokia ampikie kwa hayo. Nyumbani kwangu. Nilimtazama yule bwana, nikamhurumia mama yake.

2. Wasomaji wa kijijini kwetu, na hawa ndio wabaya zaidi, maana wanaijua njia ya kuja kwangu. Mzee Terenti, jirani yangu wa upande wa juu wa mkondo, ndiye msomaji wa kanisa letu, ndevu zake zinafika kwenye mkanda. Maishani mwake hajawahi kufungua kitabu kisicho na msalaba kwenye jalada. Hiki amekifungua, akakimaliza, akakuandikia: "Kitabu ni cha kweli. Mhalifu namjua, tumetenganishwa na ua wa matete." Shangazi Malania, mjane wa upande wa chini, naye hakubaki nyuma: "Nakipa nyota zote. Alivyomchora jirani yangu ni yeye mtupu, hadi kikohozi." Ndugu Mhariri, mimi sikohoi. Nasafisha koo ili watu wajue ninakuja, kama afanyavyo mtu mstaarabu.

Nilimkuta Mzee Terenti gatini, nikamuuliza kwa adabu kwa nini ameniandika gazetini.

"Mimi sikutaja jina la mtu, Saveli."

"Mzee, wewe una majirani wangapi?"

"Wawili."

"Mmoja mimi. Huyo mwingine?"

"Huyo mwingine ni makaburi."

Nikamwambia basi huenda mhalifu yumo humo. Akasema wa humo hawapangishi vyumba.

3. Wasomaji wako, wa mjini na wa kijijini, wanasema juu ya bomba bila kujua utaratibu wetu. Nakueleza bure, ingawa wataalamu wangelipia. Hapa Liskova nyumba zote zimepanga mstari mmoja kando ya mfereji. Kila mwenye nyumba huchota maji upande wa juu wa nyumba yake, na bomba lake hutoa upande wa chini wa nyumba yake. Kwa hiyo hakuna mtu anayekunywa ya kwake. Utazame mpango huo vizuri: hauna polisi, hauna faini, kila mmoja amejilinda mwenyewe. Nimeona bandari kubwa zenye wahandisi wavaa tai ambazo hazina akili kama hiyo. Na kama kuna uchafu kidogo unaoteremka, basi uanze kuulizwa huko unakotoka. Juu ya Terenti kuna makaburi, juu ya makaburi kuna Belgradi, juu ya Belgradi kuna Budapesti, na juu kabisa kuna Viena, ambako watu huenda kwenye muziki usiku na kuoga kabla na baada. Mbona sikuona hata oni moja la msomaji wa Viena akisema, "Mhalifu ni mimi"?

Utaratibu huu ulisimama imara hadi Evdokia alipofika sura za mwisho za kitabu. Alitoka na ndoo kwenda kuchota maji ya supu. Akasimama gatini akitazama juu, kwenye ua wa matete.

"Saveli," akaniita. "Sisi tunamwaga kwa nani?"

"Kwa Malania."

"Na Terenti anamwaga kwa nani?"

Nikamwambia suala hilo lina mambo mengi. Akaimwaga ndoo palepale, akaingia ndani.

4. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hapapikwi supu. Evdokia anapika maharagwe, anapika kabichi, anasonga ugali wa mahindi, anakaanga samaki hadi wageni wanalamba vidole. Supu hapana. Nilipomuuliza atarudi lini kwenye akili zake, alisema, "Bomba likitoka majini, nitapika. Lisipotoka, utakula yai." Na si mzaha. Ujue kwamba kila Jumamosi, nikitoka kuoga kwa mvuke, mwili mwekundu kama kamba wa mtoni, huyu mwanamke alikuwa ananiletea bakuli la kwanza la supu kabla ya mgeni yeyote, hata awe nani. Siku moja alikuwepo jaji wa mahakama kuu, naye alingoja. Sasa natoka kuoga, nakaa mezani, nawekewa yai. Yai moja, limechemshwa, limesimama kwenye kikombe chake likinitazama.

Wageni wanaweza kwenda kwingine, vyumba vitajaa mwaka mwingine. Lakini Jumamosi bila lile bakuli sijui niiiteje. Naye ana kichwa kigumu, namjua. Atanipa yai hadi nizikwe.

Kibaya zaidi, na yeye alikuandikia. Ulichapisha na jina lake kamili: "Kitabu kilinichekesha. Kisha nikaenda kuchota maji. Evdokia Kondrat, Liskova." Basi, hakuongeza neno. Katika maoni yote ya ukurasa ule, hilo ndilo fupi kuliko yote, na ndilo nililolisoma mara nyingi kuliko yote.

5. Utaniuliza, wewe Saveli mwenye nguvu, si ulitoe hilo bomba? Ndugu Mhariri, kulitoa si kazi. Unachimba shimo, unazika tangi, tishali, ile boti bapa ya mizigo, linapita kulifyonza. Mikono ninayo. Shida ni hiki kitabu chenu na maoni yenu. Kijiji kizima sasa kinajua kwamba mhalifu ni mwenye bomba, na wenye mabomba ni sisi sote, kwa hiyo kila mmoja anamngoja mwenzake. Atakayeonekana wa kwanza na sepetu mkononi, ndiye. Ataitwa Muua Kambare, na wajukuu zake wataitwa hivyohivyo, hata wahamie Amerika. Pale dukani wanaume wamekaa na bia zao wakitazamana viganja, kutafuta malengelenge. Mzee Terenti hajapanda vitunguu mwaka huu. Paka wa Shangazi Malania alipokufa, alimpakia kwenye mashua akampeleka kwa dada yake akazikwe huko, ili yeye asionekane anachimba. Na mimi, niliyepita dhoruba za Biskaya nikikaanga mayai kwa mkono mmoja, naogopa sepetu yangu mwenyewe.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, nawe uyafikishe panapohusika.

Kwanza, mwandishi amhamishe mhalifu. Ampeleke kijiji kingine, ikiwezekana kisicho na watu. Ikishindikana ampeleke Viena, wana nafasi.

Pili, msomaji asiruhusiwe kutoa maoni juu ya kitabu cha maji hadi athibitishe ameyanywa maji yanayosemwa. Na wasomaji wanaokaa kwenye mfereji mmoja wapigwe marufuku kutambuana ndani ya kitabu. Hata kama wamefanana. Hata kama ni kikohozi.

Tatu, gazeti lako litangaze kwa herufi nene kwamba mhalifu wa kitabu kile hajawahi kukanyaga Liskova, na kwamba mtu yeyote wa Liskova akionekana anachimba, ana sababu zake binafsi na apewe heshima yake.

Nne, kama mwandishi ni mbishi na hayo yote anayakataa, basi aongeze sura moja tu. Kengele ya kanisa igongwe, na nyumba zote za mstari ule zitoke na sepetu kwa pamoja, mzee, mjane, mwenye wageni, wote waanze kuchimba kwa pigo moja, asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Inspekta aanguke majini tena kama anapenda, watu wacheke. Sura hiyo ikichapishwa, sisi tutaifuata. Nakuahidi kwa niaba ya kijiji kizima, ingawa sijakiuliza.

Nakomea hapa kwa sababu karatasi imeisha, malalamiko bado yapo. Nisalimie wapiga chapa wako, mhasibu wako, na yule bibi wa Kluji, umwambie simchukii, aje tu, atakula samaki wa kukaanga. Mwandishi mwambie chumba chake kipo palepale, na viatu vya mpira alivyovisahau navivaa mimi, vinanibana kidogo lakini sina kinyongo. Evdokia angekusalimu, ila hajui kama nimekuandikia.

Mimi mwenye kukuheshimu,
Saveli Kondrat,
mwenye nyumba ya wageni yenye mandhari nzuri kuliko zote

Nyongeza. Boti ya posta ilichelewa kwa sababu ya upepo, na mambo yamegeuka, kwa hiyo hayo ya juu usiyachapishe.

Tangi limefika. Nilikuwa nimeliagiza hata kabla sijakuandikia, hilo sikulisema. Lilikuja juu ya tishali, nimelifunika turubai, kubwa kama ndama wa tembo. Mzee Terenti alikuwa amekwisha fika uani kabla kamba hazijafungwa.

"Hicho nini, Saveli?"

"Pipa la kabichi, Mzee. Baridi inakuja, tutatia chumvi."

Akalizunguka. Akaligonga kwa fimbo.

"Kabichi ya nani? Ya jeshi?"

"Evdokia anapenda kabichi."

"Na linazikwa ardhini?"

"Kwa ubaridi."

Akachezea ndevu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, mapipa ya namna hiyo yanaagizwa wapi.

Safari iliyofuata tishali lilileta mapipa mawili. Moja la Terenti, na moja la Shangazi Malania, ambaye anaishi peke yake na kabichi humvimbisha tumbo. Kisha kila nyumba ikaagiza la kwake, na sasa ukipita kwa mashua utaona mstari mzima unachimba. Dukani watu wanaulizana habari za chumvi na mbegu za bizari kwa sura nzito kabisa, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Mwaka huu Liskova itakuwa na kabichi ya kulisha nchi.

Jana Evdokia alikuja kusimama juu ya shimo langu, mimi niko chini hadi mabegani.

"Kabichi gani hiyo inaungwa na bomba la choo?"

"Aina mpya," nikamwambia.

Akakaa ukingoni, akacheka hadi akajifuta macho kwa aproni. Supu hajapika. Anasema wa chini yetu na wa juu yetu wamalize kwanza, na mto upewe muda. Lakini jioni ile yai lilikuja na chumvi.

Na yale niliyokuambia mwanzoni, kwamba nakunywa maji ya mfereji na sijawahi kuumwa, ni uongo. Nakunywa ya dukani, chupa nazificha mashuani, na Pasaka yote nilishinda chooni.