Tairi la Moja na Robo Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimesema ndiyo. Mdomo ni wangu, lakini jibu sijui lilitoka wapi.

Kofia Njano, msichana wa darasani kwetu ambaye huniwekea kiti bila kuombwa, ameniuliza kama Jumamosi nitakwenda na kundi la baiskeli hadi bwawani. Sijawahi kualikwa popote na mtu asiye ndugu yangu. Sauti ilitoka kama ya kifaranga, lakini ilitoka.

Tatizo: ukiacha lami, njia yote ni changarawe. Tatizo la pili: baiskeli yangu ni ile aliyoniachia shangazi, ya kukunjwa, magurudumu yake kama masinia. Matairi ni vipara. Hata jino moja hayana.

Binamu yangu tunaishi naye, na tunamwita Profesa kwa kuwa hajawahi kusema hajui. Amecheka hadi akaweka kijiko chini. Eti kwa magurudumu yale nikiondoka leo ndipo nitafika Jumamosi. Mama akamwambia ale. Hakumwambia kwamba anakosea.

Basi nitatafuta matairi ya changarawe. Sitamuuliza mtu. Kuuliza kunataka kutazamana.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimesoma mtandaoni tangu nilipotoka shule. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, na leo nimechanganyikiwa kwa zote mbili.

Mmoja anasema tairi pana, upepo kidogo. Mwingine anasema jembamba, upepo tele. Wa tatu anasema shimo lilelile, kwa gurudumu dogo, huwa shimo kubwa zaidi. Nimeliwaza hilo hadi chai ikapoa. Shimo linajuaje nani anakuja?

Tena picha zao! Changarawe kama unga uliochekechwa. Yetu ina mawe ya kumkwaza punda. Tunazungumzia kitu kimoja kweli?

Halafu kuna mzee, picha yake ndevu tupu, anaonya kwamba tairi la 1.75 na tairi la 1¾ si tairi moja, kila moja lina ringi yake, na atakayechanganya atajuta. Nimecheka peke yangu. Nukta saba tano ni robo tatu. Tulifundishwa tungali wadogo! Maskini, labda siku hiyo alikuwa mgonjwa.

Langu limeandikwa ubavuni 20 x 1.75. Nimeelewa kila kitu. Nadhani.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mpango: kujifanya natumwa.

Nimeegemeza baiskeli nyuma ya kibanda cha Fundi Spoku, nikaingia, nikasema rafiki yangu anatafuta matairi ya changarawe. Akauliza ya ukubwa gani. Nikasema inchi ishirini, kwa moja nukta saba tano. Hilo hana, ila analo la moja na robo tatu, lenye meno kama mamba. Nikasema si ndilo hilohilo. Akasema ndilo hilohilo, mwanangu, ishirini ni ishirini. Tukakubaliana kwa heshima kubwa, kama mawaziri wawili.

Alikuwa nalo moja tu. Litakaa mbele. Mbele ndiko ninakokwenda.

Jioni nikamtega Profesa, nikamuuliza kama swali la hesabu tu. Akasema ni sawa kabisa, hata mtoto anajua. Watu watatu! Haiwezekani tukosee wote watatu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Linapwaya.

Linacheza kwenye ringi kama bangili ya mama mkononi mwa mtoto. Nimepiga hesabu upya: sawa. Nimelivisha upya: linapwaya. Huenda hesabu za shule ni za shule tu.

Nimerudi kwa Fundi Spoku, nikasema rafiki analalamika. Akatoka, akazunguka kibanda, akaiona baiskeli ya rafiki. Akanitazama. Kisha, Mungu ambariki, akaendelea kusema "rafiki yako".

Uamuzi wake: ringi imesinyaa kwa uzee. Nikauliza kama chuma husinyaa. Akasema kila kitu husinyaa, nimtazame yeye. Akazungushia ringi vipande vya tyubu kuukuu hadi tairi likashika, akajaza upepo kidogo. Nimwambie rafiki aende polepole. Nikasema salamu zitafika.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimejaribu uani. Limekaa! Profesa ameizunguka baiskeli, akasema mbele mamba, nyuma yai. Nikamjibu ndivyo wanavyofanya wataalamu. Hakuuliza wataalamu gani. Nimekula mara mbili.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Lami: salama.

Changarawe: mteremko wa kwanza tu, tairi likaivuka ringi, likajiviringisha kwenye uma wa mbele kama nyoka aliyekosa shimo. Mimi nikatua kichakani. Profesa, naye yumo kundini, akapita akipiga kengele. Kundi lote likamezwa na vumbi. Nikabaki na viwiko vyangu, nikitunga uongo wa kumpa Kofia Njano Jumatatu.

Kumbe yuko nyuma yangu. Anatembea. Ameshuka pale lami ilipoishia.

"Mimi changarawe naiogopa vibaya," akasema. "Tangu asubuhi naomba mtu mwingine aharibikiwe."

Nikauliza sasa alinialika kwa nini. Akasema aliona visinia vyangu, akajua lazima nitashuka nitembee, na yeye apate mwenzake.

Tumezikokota baiskeli hadi bwawani. Wenzetu tulikutana nao wakirudi. Nimeongea njia nzima. Mimi! Habari za shangazi, za fundi, za robo tatu. Alicheka hadi akashika mti. Profesa alipotupita akauliza yuko wapi mamba. Sikumjibu. Nilikuwa katikati ya hadithi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kofia Njano amepita nyumbani. Jumamosi ijayo tuziache baiskeli, twende bwawani kwa miguu. Nikauliza nivae nini.

"Vaa chochote," akasema. "Twende tu."

Nikasema ndiyo. Sauti ya mtu mzima.

Lakini chochote ni nini? Ile ni changarawe. Nimesoma hadi macho yanauma. Mmoja anasema soli pana. Mwingine anasema soli nyembamba. Muuza viatu pale njia panda ana pea moja yenye meno hasa, namba tano. Mimi navaa thelathini na nane. Kuna jedwali linasema tano na thelathini na nane ni kiatu kilekile. Mama mmoja mtandaoni anaapa kwamba inategemea kiatu, kwanza ujaribu ndipo ujue.

Maskini. Labda jedwali hajaliona.

Kesho nitampitia muuza viatu. Nitamwambia ni vya rafiki.